Lori la Kwaya Lililogeukia Butiama

JESHI LA POLISI
Kituo: Musoma
Tarehe: 22 Oktoba 1974, saa nne asubuhi
Jina la shahidi: Jenoveva Clementi
Umri: miaka 47
Kabila na dini: Mjita, Mkristo Mkatoliki
Kazi: Metroni wa bweni la wasichana, Shule ya Sekondari Kemori
Makazi: Kitaji, Musoma

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia kwamba Ndugu Ryoba Nyamhanga, dereva wa lori, yuko mahabusu tangu jana kwa kutumia gari la chama cha ushirika nje ya kibali, na kwamba Mwalimu Leonardi Silasi naye ataitwa. Mimi nilikuwa ndani ya lori hilo safari nzima. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa, na ninasema yafuatayo.

Mnamo tarehe 18 Oktoba 1974, siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, tuliondoka shuleni kwenda Mwanza kwenye mashindano ya kwaya na ngoma za shule za sekondari. Shule yetu haina basi. Chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kilituazima lori pamoja na dereva wake, kwa makubaliano kwamba njiani tusimame Bunda na kuwaimbia wakulima waliokuwa na mkutano wao wa kujiandaa na msimu. Wanafunzi walikuwa ishirini na sita, wavulana na wasichana. Walikaa nyuma juu ya mabenchi tuliyotoa darasani, na ngoma wakazifunga kwa mablanketi zisipate vumbi. Mwalimu Leonardi, ambaye ndiye anayefundisha muziki, alikaa nao. Mimi nilikaa mbele na dereva. Sikuwahi kumjua dereva huyo kabla ya siku hiyo. Hakuwa mtu wa maneno. Toka Musoma mpaka Bunda aliniuliza jambo moja tu, kama watoto wamekula.

Bunda tulifika mchana. Saa tisa kwaya iliimba mbele ya ghala la pamba. Wimbo wa mwisho ulikuwa wimbo wa palizi ambao tulitegemea utupe ushindi Mwanza. Kiongozi wake ni mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeitwa Wankyo Magoto, umri wake miaka kumi na saba. Wimbo ule aliuleta yeye shuleni. Alifundishwa na bibi yake, mama mzaa baba, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bibi huyo anaitwa Nyangi. Ninamfahamu, kwa sababu Wankyo alipoanza kidato cha kwanza ni bibi aliyemleta, wakitembea kwa miguu mpaka barabara kuu, na ni mimi niliyempokea mtoto mkononi mwake. Kiswahili hajui sana na mimi Kizanaki sijui. Alinishika mkono tu, akauweka juu ya kichwa cha mtoto, akaondoka.

Siku ile ya Bunda Wankyo aliimba vizuri ubeti wa kwanza. Wakati wenzake wanaitikia, niliona anamtazama mwanamke mmoja aliyesimama mbele kati ya wakulima. Ubeti wa pili alianza akaishia katikati. Mwenzake, Esta Florian, alidakia akaumalizia. Watu walipiga makofi, nadhani walifikiri ndivyo ulivyo. Baada ya hapo Wankyo alikwenda kwa mwanamke yule wakaongea pembeni kwa Kizanaki. Baadaye nimejua kuwa anaitwa Dafroza na kwamba walikuwaga majirani kijijini. Nilipomuuliza Wankyo kuna nini, alisema ni salamu za nyumbani. Chakula cha jioni hakugusa. Alisema kichwa kinamuuma. Nilimpa dawa, akalala amegeukia ukuta. Tulilala katika madarasa ya shule ya msingi, wasichana wote walikuwa na mimi.

Jumamosi tarehe 19, wakati wa uji, Wankyo hakuwepo. Sanduku lake dogo pia halikuwepo. Nilimwita Esta kwa sababu wanalala kitanda cha juu na cha chini bwenini. Alilia kwanza, kisha akasema. Yule Dafroza alimwambia Wankyo kwamba watu wote wa Nyamagusi, kwao, walihamishwa tangu mwezi wa tisa kwenda kijiji kipya cha ujamaa cha Tumaini, upande wa Butiama, na kwamba nyumba za zamani zimeezuliwa. Bibi alihamishwa pamoja na wengine na mtoto wake Burito, lakini alirudi. Alionekana Nyamagusi peke yake, mguu umevimba, na hakuna jirani hata mmoja aliyebaki. Wankyo alikuwa hajui lolote kati ya hayo. Hakuna aliyempelekea habari shuleni. Esta alisema Wankyo ametoka alfajiri kwa miguu, ameshika njia ya nyuma inayopita vilimani kutoka Bunda kwenda Butiama.

Nilimuuliza Esta kwa nini mwenzake hakuomba ruhusa. Alisema alijua tutamkatalia. Ni kweli, afande. Tungemkatalia.

Umeniuliza nani alitoa amri ya kugeuza lori. Naomba niandikiwe kama ilivyokuwa. Mwalimu Leonardi alisema kwanza tutoe taarifa polisi Bunda, kisha sisi tuendelee, kwa sababu zamu yetu Mwanza ilikuwa saa tisa alasiri na tayari tulikuwa tumechelewa. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshika fimbo yake ya kuongozea kwaya. Amewafundisha watoto hao tangu Januari, jioni na Jumapili, bila kulipwa chochote cha ziada. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kwenda Mwanza na watoto ishirini na tano. Nilimwambia yeye aende na wengine, mimi nitamfuata Wankyo kwa miguu. Kisha akasema kwamba kwaya haikatwi vipande.

Tulimwendea dereva. Alikuwa anapima mafuta ya injini. Mwalimu alimweleza. Dereva alitoa kibali mfukoni akatuonyesha, kimeandikwa Musoma, Bunda, Mwanza na kurudi. Akasema akionekana njia nyingine atafungwa yeye, si sisi. Mwalimu alikubali kwamba ni kweli. Ndipo Ndugu Ryoba akauliza kwao huyo msichana ni wapi. Nikasema Nyamagusi.

Aliufuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, "Nyamagusi niliwahamisha mimi."

Alituambia kwamba mwezi wa tisa lori hilohilo lilipewa kazi ya kubeba watu na vyombo vyao kwenda Tumaini. Alikwenda na kurudi siku tatu. Alisema hakumpiga mtu wala kumtukana mtu, kazi yake ilikuwa kuendesha. Alimkumbuka bikizee mmoja ambaye hakutaka jiwe lake la kusagia libaki, na yeye dereva ndiye aliyelibeba mpaka ndani ya gari. Kisha alifunga kifuniko cha injini akasema watoto wapande.

Kwa hiyo amri haikutolewa, afande. Mimi nilisema sitaondoka, mwalimu akasema kwaya haikatwi, na dereva akawasha gari. Kama ni lazima liandikwe jina moja, liandikwe langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza.

Tuliondoka Bunda saa mbili kasoro. Njia ile ni mbaya, mvua ya Alhamisi ilikuwa imeikata sehemu nyingi. Baada ya kama saa nzima tulimwona Wankyo mbele yetu. Alikuwa amevaa sare ya shule, viatu ameshika mkononi, sanduku kichwani. Alisikia lori lakini hakugeuka, aliongeza mwendo tu. Dereva alipunguza. Nilishuka nikatembea nikamfikia. Kabla sijasema kitu aliniambia huku anatazama mbele, "Mama, nifukuzeni shule. Lakini sirudi."

Nilimwambia, "Panda. Tunakwenda huko huko."

Hakuelewa. Nilirudia. Aliangalia lori akaona wenzake wote wamesimama wanamtazama, na Mwalimu Leonardi amekwishanyoosha mkono apokee sanduku. Alikaa chini palepale barabarani. Nilimwacha akae kidogo, kisha nikamvalisha viatu.

Nyamagusi tulifika karibu saa nne. Ni miji ya familia moja moja iliyokaa mbalimbali kwenye mteremko wa kilima. Kuta zilikuwa zimesimama bila paa, na ndani ya nyingine majani yameanza kuota. Hatukuona mtu, wala mbuzi, wala kuku. Katika mji mmoja kulikuwa na moshi mwembamba.

Bibi Nyangi alikuwa ameketi mahali palipokuwaga jiko. Alikuwa ameegemeza nyasi kuukuu ukutani zikafanya kama kibanda cha mtu mmoja, na mbele yake kuna moto na chungu. Ndani ya chungu kulikuwa na mlenda, sikuona unga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa majani na umevimba mpaka gotini. Alijikata kwa jembe, ndivyo alivyosema. Alipomwona Wankyo hakupiga kelele wala hakuinuka. Alimtazama muda mrefu. Kisha aliuliza kitu kwa Kizanaki. Nilimwomba mwanafunzi mwingine Mzanaki, Bernado, anisaidie, akasema bibi anauliza kama shule wamefunga.

Wankyo alisema bado.

Bibi akasema, "Mbona umewahi?"

Wankyo alipiga magoti, akamshika miguu, akawa analia. Alimuuliza kwa nini alirudi huku peke yake wakati baba mdogo Burito yuko Tumaini na nyumba ipo. Maneno ya bibi Bernado aliniambia palepale, na baadaye Wankyo alinithibitishia, kwa hiyo nayasema kama yalivyo. Alisema, "Wewe uliondokea mlango huu. Ungefika likizo ukute hakuna mtu. Nani angekwambia tumekwenda wapi?"

Afande, mimi nimekaa na mabinti wa watu miaka kumi na moja. Naomba niishie hapo kwa jambo hilo.

Nieleze tu kwamba mtoto wake Burito alikwishamfuata mara mbili na kumrudisha Tumaini, na kila mara alitoroka akarudi. Alikuwa amepanga kukaa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Sasa kwa kuwa Wankyo amefika, hakuwa tena na sababu ya kukaa. Alisema hivyo mwenyewe, kama mtu aliyemaliza kazi shambani. Alizima moto kwa mchanga akataka kusimama, mguu ukakataa.

Ndugu Ryoba alikuwa amebaki karibu na gari. Alikuja akachuchumaa mbele ya bibi, akampa mgongo. Bibi alimtambua. Alisema, "Ni wewe tena." Dereva alijibu kwa Kikurya, na nadhani walielewana, maana bibi alicheka kidogo akapanda mgongoni kwake. Alimbeba mpaka kwenye lori. Nilikuwa ninatembea nyuma yao na nilimwona dereva anajifuta uso kwa bega, mikono ikiwa haina nafasi.

Hatukwenda Tumaini moja kwa moja. Mguu ulikuwa unanuka na bibi alikuwa na homa. Tulimpeleka zahanati ya Butiama. Njiani alikaa nyuma, amelazwa juu ya mablanketi ya ngoma, kichwa kwenye mapaja ya Wankyo. Mwalimu Leonardi alivua koti lake la mashindano, ambalo lilikuwa jipya, akalikunja akaliweka chini ya mguu wa bibi, akaushika kwa mikono miwili usigongwe na mabenchi. Barabara ilikuwa inamuumiza. Watoto walianza kuimba wenyewe, polepole, ule wimbo wa palizi. Hakuna aliyewaongoza. Mimi nilikuwa mbele na niliwasikia kwa nyuma, na dereva aliendesha taratibu kuliko nilivyowahi kuona mtu akiendesha. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba sauti ya tatu haijapata kukaa vizuri kama siku ile, ingawa yeye hakuwaongoza, mikono yake ilikuwa na kazi nyingine.

Zahanati tulifika kabla ya saa sita. Mganga aliosha kidonda, akamchoma sindano, akasema tungechelewa siku chache mguu usingepona. Lori lilikuwa limesimama nje. Hapo ndipo ofisa mmoja wa ushirika, ambaye jina lake silijui, alipolikuta akaandika namba zake. Alimuuliza dereva anafanya nini Butiama na watoto wa shule. Ndugu Ryoba alijibu kwamba amerudisha mtu aliyemsahau. Huenda ofisa alidhani anamfanyia dharau. Nilikuwepo. Haikuwa dharau.

Saa nane tulifika Tumaini. Ni kijiji kilichonyooka, viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba nyingine zimekwisha na nyingine ni miti tu. Burito Magoto alikuwa anajenga jiko. Alipoona mama yake anashushwa, hakumkaripia. Alisalimia wote, akatushukuru mmoja mmoja, mimi, mwalimu na dereva. Halafu akageuka akaanza kupanga miti ambayo ilikuwa imepangwa tayari. Mke wake ndiye aliyetuletea maji na viazi, watoto wakala.

Wakati tunajiandaa kuondoka, bibi aliomba awekewe kigoda mlangoni mwa nyumba mpya. Alikaa, mguu ameunyoosha. Alimwita Wankyo akamwambia jambo, na Wankyo akabeba sanduku lake, akatoka, akaenda mpaka barabarani tulipokuwa tumesimamisha lori. Nilidhani wameagana. Nilimwambia apande. Akasema bado, bibi ametaka kwanza amwone akifika.

Alisimama kidogo karibu na gari, akatazama safu za nyumba, zote zinafanana. Kisha alianza kutembea peke yake kurudi, sanduku kichwani. Nilimfuata kwa nyuma. Alipita nyumba ya kwanza na ya pili. Kwenye njia panda alisita. Bibi alikuwa anamwona kutoka kule mlangoni lakini hakumwita wala hakumpungia mkono. Wankyo alikata kushoto, akaenda moja kwa moja mpaka uwanjani kwa bibi, akasimama.

Akasema, "Hodi."

Bibi akasema, "Karibu, mwanangu. Umefika."

Wanafunzi wote walikuwa wamesimama ndani ya lori wakitazama. Mwanza hatukwenda. Tulirudi Musoma jioni ileile, Wankyo akiwa pamoja nasi, naye yuko shuleni mpaka sasa. Anahudhuria masomo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia. Sikulazimishwa na mtu wala sikuahidiwa kitu. Nikiitwa mahakamani nitayasema hivihivi.

(Sahihi) J. Clementi

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeyaandika maelezo ya shahidi kwa Kiswahili na kumsomea. Amekubali kuwa ni sahihi, ila ameomba nifute neno "bikizee" niandike "mama". Nimemweleza kwamba neno hilo lilitoka kinywani mwake, likabaki. Nakala ya maelezo haya iwekwe pamoja na jalada la mtuhumiwa Ryoba Nyamhanga na ipelekwe kwa mkuu wa kituo na mapendekezo yangu ya dhamana. Shahidi alikuja na chakula ndani ya kikapu, ugali na sato, akaomba kimfikie mtuhumiwa. Nimekipeleka mwenyewe kingali moto.

(Sahihi) Koplo wa zamu, Kituo cha Polisi Musoma